Lori Kuukuu Linapokula Oili: Namna ya Kujua Inakokwenda

Mwenye lori kuukuu, liwe Canter ya kubeba mchanga au Isuzu inayopeleka viazi soko la Marikiti jijini Nairobi, akimweleza fundi kwamba oili inapungua, mara nyingi hupewa jibu kabla hata kichwa cha gari hakijainuliwa: ringi (pete za pistoni zinazozuia oili isipande ndani ya silinda) zimekwisha, injini ifunguliwe. Huenda ni kweli, lakini hiyo ni hukumu ya gharama kubwa iliyotolewa bila ushahidi. Oili ina njia tatu tu za kuondoka, yaani kuvuja nje, kuungua ndani ya silinda, au kupenya katika mfumo mwingine kama ule wa maji au wa breki. Kazi yako ni kuzichunguza moja baada ya nyingine, ukianza na zile ambazo kuzichunguza hakugharimu chochote.

Anza kwa kupima, kwa kuwa kusema tu kwamba gari "linakula sana" hakumsaidii fundi. Liegeshe mahali tambarare, na asubuhi kabla ya kuliwasha chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kisha usome. Jaza hadi alama ya juu na usiivuke, kwa maana oili ikizidi, kranki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huichapa ikawa povu na kuitupa nje kupitia bomba la kupumulia la injini, nawe ukadhani injini imechoka. Andika kilomita za siku hiyo na kila kiasi utakachoongeza. Ikiwa mita ya kilomita ilikwisha kufa, kama ilivyo katika malori mengi ya umri huo, hesabu lita za dizeli badala yake. Baadhi ya watengenezaji wa magari huvumilia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Kiwango kikipanda badala ya kushuka, acha kuliendesha gari, kwa sababu kuna dizeli au maji yanayoingia ndani ya oili na beringi hazitadumu.

Baada ya hapo tafuta uvujaji wa nje, ambao ndio rahisi kurekebisha. Injini iliyofunikwa na matope ya oili na vumbi haisomeki, kwa hiyo ioshwe kwanza, huku alteneta na mdomo wa kuvutia hewa vikiwa vimefunikwa, kisha iachwe ikauke kabisa. Nyunyiza poda ya watoto kwenye kingo za kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini), kuzunguka chujio la oili, kwenye maungio ya pampu ya dizeli na ukingo wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), halafu uendeshe gari safari fupi. Utakaporudi, mahali penye uvujaji patakuwa na mstari mweusi uliokata ile poda nyeupe. Ufuate mstari huo kwenda juu na mbele, si chini, kwa kuwa oili huteremka na upepo wa feni huisukuma nyuma. Sampu iliyolowa mara nyingi haina kosa lolote. Tone likitoka kati ya injini na giaboksi, linuse kabla ya kuilaumu sili ya nyuma ya kranki: oili ya gia ina harufu kali ya salfa, ilhali oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi na hunukia masizi.

Sili na gasketi zikivuja mahali pengi kwa wakati mmoja, au zikirudia kuvuja baada ya kubadilishwa, usinunue nyingine kabla ya kukagua bomba la kupumulia. Gesi kidogo hupita kando ya pistoni katika kila injini na kushuka kwenye sampu. Bomba hilo likiziba kwa uchafu, presha hupanda na kuisukuma oili nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Kulisafisha ni kazi ya nusu saa, na nashangaa ni mara ngapi hurukwa. Likiwa safi, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa imepata joto na inanguruma taratibu. Mvuke mwepesi ni wa kawaida. Moshi unaopiga kwa nguvu na kwa mapigo unaonyesha kwamba ringi au silinda zimelika.

Moshi wa ekzosi nao una ushahidi wake, mradi usichanganye rangi. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na hewa huzidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda kuelekea Limuru, kwa hiyo moshi mweusi wa lori lililojaa mzigo kwenye mlima huo ni dizeli isiyoungua vizuri, wala hauhusiani na oili. Unaotafutwa ni wa bluu. Moshi huo ukitoka asubuhi gari linapowashwa kisha ukapotea, shuku sili za valvu. Ukiendelea na kuzidi wakati wa kuvuta mzigo, shuku ringi au turbo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Ili kuzitenganisha, fungua paipu ya hewa itokayo kwenye turbo: unyevu kidogo wa oili si tatizo, lakini dimbwi ni tatizo, hasa ikiwa shafti inacheza hadi mapanga yake yanagusa kasha. Turbo ya namna hiyo isiahirishwe, kwa sababu injini ya dizeli inaweza kuichoma oili hiyo kama mafuta na kukimbia bila kuzimika hata ukigeuza ufunguo. Ikitokea, weka gia kubwa, shika breki na uachie klachi hadi izimike; usizibe mdomo wa hewa kwa mkono.

Zimebaki njia zilizofichika. Katika malori mengi mepesi ya Kijapani, pampu ya vakyumu ya breki hukaa nyuma ya alteneta na hulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikifa, alteneta huloa na chaji hudhoofika, na pengine umempelekea fundi wa umeme tatizo la oili. Kwa gari la breki za upepo, fungua vali ya chini ya tangi la hewa: ukimwagika uji mweusi mwingi badala ya maji, chunguza kampresa, yaani pampu ya hewa hiyo. Tazama pia rejeta ikiwa baridi. Utando wa oili juu ya maji huashiria kipozeo cha oili au gasketi ya silinda hedi, lakini utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili, katika baridi ya Julai na safari fupi za mjini, huenda ni mvuke tu.

Kubadili oili iwe nzito zaidi kunaweza kupunguza moshi kwa muda, lakini hakuponyi kitu. Ikiwa vipimo vyote vimeelekeza kwenye ringi, omba kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya kila silinda ipimwe na kulinganishwa na kitabu cha injini hiyo. Injini ikishafunguliwa, silinda zipimwe kwa mikrometa kabla hujakwenda Barabara ya Kirinyaga kununua pistoni, kwa sababu ringi mpya ndani ya silinda iliyolika itakurudisha kwenye moshi uleule.