Mkulima wa Miwa, Usihangaikie Uzito Ukaiacha Sukari

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kilo ya sukari ilipita shilingi 4,000 katika maeneo mengi ya Tanzania. Mvua za El Niño zilikuwa zimeloweka mashamba, magari hayaingii, na viwanda vikashindwa kusaga katika miezi ambayo kwa kawaida vinasaga usiku na mchana. Mama ntilie aliyeko mbali kabisa na bonde la Kilombero alibaki akihesabu vijiko vya sukari kwenye chai ya wateja wake.

Nchi ina viwanda vikubwa vya Kilombero, TPC Moshi, Mtibwa na Kagera, na vimeongezeka vya Bagamoyo na Mkulazi. TPC inategemea zaidi mashamba yake yenyewe. Kilombero na Mtibwa hali ni nyingine: miwa mingi inatoka kwa wakulima walio nje ya kiwanda, watu wa Ruhembe, Msolwa na Turiani wenye ekari mbili, tano au kumi. Huko muwa ukiharibika, haumwumizi mwenye shamba peke yake. Kiwanda kinasaga kidogo, bagasi, yaani makapi ya miwa ya kuchoma kwa ajili ya umeme, inapungua, molasi, yale masalia mazito ya sukari, inapungua, na nchi inatoa fedha za kigeni kuagiza sukari ambayo ingeweza kutoka hapa hapa.

Ndugu mkulima, kiwanda kinapokea tani zako, lakini malipo yanafuata sukrosi, yaani sukari yenyewe, iliyopimwa kwenye miwa hiyo. Chukua tani 100. Sukrosi ikiwa asilimia 10, umepeleka tani 10 za sukari. Ikishuka hadi asilimia 8, umepeleka tani 8, na ukataji, upakiaji na usafiri unakatwa kwa tani zilezile 100. Sukari iliyopotea umeigharamia mwenyewe hadi getini.

Upotevu mkubwa unatokea baada ya moto tunaouwasha kuunguza majani kabla ya kukata. Muwa uliochomwa ngozi yake imepasuka, na bakteria wanaingia hapo na pale panga lilipopita. Sukrosi inavunjika kuwa sukari nyingine ambazo kiwandani hazigandi kuwa chembe. Pasua muwa uliolala siku nne juani baada ya kuchomwa, unuse: utasikia harufu ya chachu, na maji yake yanateleza vidoleni kama mlenda. Miwa iliyochomwa inatakiwa isagwe ndani ya saa 24, ikizidi sana 48.

Kwa hiyo usiwashe kiberiti kwa sababu jirani amechoma. Kwanza pata uhakika kutoka AMCOS yako, chama chenu cha ushirika, kwamba zamu yenu imefika, wakataji wapo, magari yapo na kiwanda hakijasimama. Choma kiasi kinachoweza kukatwa na kuondoka. Barabara za kuzuia moto ziwe zimefyekwa na kusafishwa mapema, maana mashamba yetu yamepakana, na uzembe wa mtu mmoja unateketeza bloku nzima ambayo haijafikiwa na ratiba. Moto wa namna hiyo nauona kama wizi, hata kama aliyeuwasha hakukusudia. Penye wakataji walio tayari kuvuna miwa mibichi, fanyeni hivyo: majani yanayobaki yanatunza unyevu na kuzuia magugu.

Simamia ukataji mwenyewe. Sehemu tamu zaidi ya muwa uliokomaa ni ya chini, na hiyo ndiyo inayoachwa na mkataji asiyetaka kuinama. Kisiki cha sentimita 10 kwenye muwa wa mita 2 ni asilimia 5 ya urefu wake, na ni ile yenye sukari nyingi. Kata usawa wa ardhi. Kilele kiondolewe chote, kwa kuwa kina sukrosi kidogo na kinashusha kipimo cha mzigo mzima. Majani na matope nayo yasipande garini.

Kisiki kirefu kina hasara nyingine inayokuja msimu unaofuata. Machipukizi yanatokea kwenye macho ya juu, mizizi yake inakuwa mifupi, na kiangazi kikija yanakauka au yanalala kwa upepo. Machipukizi ya chini yanashika ardhi. Mwezi wa kwanza baada ya kuvuna, pita mstari kwa mstari na kuziba mapengo kwa mbegu safi, yaani vipande vya muwa visivyo na ugonjwa. Palizi isichelewe, miezi mitatu hadi minne ya mwanzo ndiyo muwa unaposhindwa na magugu.

Kuhusu urea, weka mapema ardhi ikiwa na unyevu. Wapo wanaoongeza mfuko muwa ukiwa na miezi saba au minane ili upate uzito. Shamba linapendeza kweli kwa ukijani, lakini muwa unaoendelea kukua hauweki sukari, na ule uzito unakuwa maji.

Ukiona muwa umetoa kileleni kitu kirefu cheusi kama mjeledi, huo ni ugonjwa wa fangasi uitwao smut; funika mjeledi huo kwa mfuko kabla ya kuugusa, ng'oa shina lote na ulichome nje ya shamba. Ukiutikisa, unga ule mweusi unaruka hadi kwa jirani. Mbegu usichukue kwenye shamba hilo. Aina ya NCo 376, iliyozoeleka sana kwetu, inashambuliwa kirahisi na ugonjwa huu.

Na tafadhali bakiza eneo la mpunga. Hela ya miwa inakuja mara moja kwa mwaka, watoto wanakula kila siku.

Malipo yakitoka, usiangalie shilingi tu. Soma tani na sukrosi, uzilinganishe na za msimu uliopita wa shamba hilohilo. Tani zikiwa zimepanda na sukrosi imeshuka, kumbuka tarehe ya mbolea ya mwisho. Kama mbolea iliwekwa kwa wakati, uliza moto uliwashwa saa ngapi na gari lilipita mzani saa ngapi, kisha nenda AMCOS na karatasi yako mkononi kabla msimu haujafungwa.