Mashine ya mboji ya jikoni: ukishatoa unga wake, kazi ya mboji ndiyo kwanza inaanza

Wakazi wa magorofa wa Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, wameanza kununua mashine ndogo za umeme za kushughulikia mabaki ya chakula. Inakaa jikoni, haizidi sana ndoo ya lita 20 kwa ukubwa. Usiku unatia maganda ya ndizi, makombo ya ugali na majani ya chai, unabonyeza kitufe, asubuhi unakuta unga wa kahawia. Kwenye boksi wameandika kwamba huo unga ni mboji. Nataka nieleze kinachotokea ndani ya mashine hizi, kwa sababu anayekijua atavuna mboga nzuri kwenye roshani yake, na asiyekijua ataua miche kisha aanze kudhani hana mkono wa kupanda.

Mashine zilizo nyingi sokoni ni za kukausha na kusaga. Ndani mna ndoo ya chuma, chini yake kipasha joto, katikati mapanga yanayozunguka polepole. Kwa saa 3 hadi 8, kutegemea aina ya mashine na unyevu wa ulichotia, maji yanatoka kama mvuke na mabaki yanasagika. Kwa kuwa maganda na mboga kwa sehemu kubwa ni maji, ndoo iliyojaa inabaki robo, mara nyingine chini ya hapo. Faida yake ni ya kweli: pipa halinuki, nzi hawaji, na mzigo unaoishia kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi kule Dar es Salaam au Dandora kule Nairobi unapungua. Taka za majumbani katika miji yetu zaidi ya nusu ni vitu vya kuoza, na vikifukiwa dampo bila hewa vinatoa gesi ya methani. Anayezuia mabaki yake yasifike huko amefanya jambo la maana.

Lakini ndani ya ile mashine hakuna kilichooza. Ganda la ndizi lililokaushwa bado ni ganda la ndizi, kama makopa yalivyo bado muhogo. Ukiyalowesha mabaki hayo, yanaanza kuoza pale pale yalipoachia.

Mboji ni matokeo ya kazi ya bakteria, kuvu na wadudu wadogo wanaokula mabaki hayo wakiwa na maji na hewa ya kutosha. Lundo zuri hupanda joto hadi kati ya nyuzi 55 na 65 za Selsiasi, joto linaloua vimelea vingi vya magonjwa na mbegu za magugu. Baadaye linapoa, kisha linahitaji wiki kadhaa zaidi za kukomaa. Kule Mabwepande, Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kuna kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kwa ajili ya taka za kuoza zikiwemo za masokoni. Hata penye mitambo na wafanyakazi, mboji haitengenezwi kwa usiku mmoja. Lazima lundo lipewe muda wake.

Unga mkavu ukikutana na udongo wenye unyevu, vijidudu vya udongo vinauvamia kwa nguvu. Vinatumia oksijeni iliyo karibu na mizizi, vinaweza kuchota naitrojeni ambayo mmea ungeitumia, na mchakato wenyewe unatoa asidi na amonia zinazounguza mizizi michanga. Hali hiyo inapita. Shida ni kwamba mche wa wiki mbili hauwezi kusubiri ipite.

Mama mmoja wa Upanga aliniita niangalie spinachi zake kwenye makopo. Akaniuliza, "Bwana shamba, mbolea hii ni kali au mbegu ndiyo mbovu?" Alikuwa ametandaza unga wa mashine juu ya udongo, unene wa vidole viwili, kisha akamwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayejali mimea yake. Juu palikuwa pameota ukungu mweupe. Nilipochimba kwa kijiko nikakuta chini ya ukungu tabaka la ute lenye harufu ya uchachu, na vijinzi vidogo vyeusi vikaruka. Mizizi ya spinachi ilikuwa ya kahawia, ukiigusa inakatika. Mbegu zilikuwa nzima, na unga wenyewe haukuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni muda tu. Tulikwangua lile tabaka lote, tukalichanganya na udongo mkavu kwenye ndoo yenye matundu, na miche mipya tukaipanda kwenye udongo mwingine. Ndoo ile ile ndiyo iliyokuja kulisha mboga zake baadaye.

Hiyo ndoo ndiyo kifaa cha pili ambacho kila mwenye mashine anapaswa kuwa nacho, na bei yake ni ndogo. Chukua ndoo ya lita 20 au kiroba kilichoshonwa vizuri. Ndoo itoboe matundu chini na ubavuni, ya ukubwa wa msumari wa inchi 3. Weka udongo wa kawaida wa bustani. Mchanga mtupu wa ujenzi haufai, maana hauna vijidudu vya kutosha wala haushiki maji. Kwa kila vikombe 10 vya udongo, tia kikombe 1 cha unga wa mashine, uchanganye mpaka usiuone tena. Kama una mboji ya zamani au samadi iliyokomaa, ongeza konzi mbili tatu, kwa kuwa humo mna vijidudu vilivyozoea kazi. Nyunyiza maji kidogo kidogo. Ukiukamata mchanganyiko na kuuminya kwa nguvu, utoe tone moja au mawili tu. Ukichuruzika umezidisha maji, uongeze udongo mkavu au majani makavu yaliyopondwa. Ukimeguka bila kushikana, bado una kiu.

Funika kwa gunia au kipande cha kitambaa, weka kivulini. Geuza kwa mwiko wa bustani kila baada ya siku tatu au nne. Wiki ya kwanza utaona ukungu mweupe na utasikia harufu kiasi. Usiogope, ni dalili kwamba kazi imeanza. Ukungu ukirudi kila unapogeuza, endelea kugeuza. Harufu ya mayai yaliyooza ina maana hewa imekosekana. Harufu kali ya amonia ina maana mabaki yenye naitrojeni, kama samaki na maharage, yamezidi, na dawa yake ni majani makavu au maranda ya mbao zisizotiwa dawa. Kwenye joto la Pwani mchanganyiko huu huwa tayari baada ya wiki nne hadi sita. Kwa walioko Arusha, Njombe, Limuru au sehemu nyingine za baridi, ongezeni wiki kadhaa. Wa Ulaya wakati wa majira ya baridi waiweke ndoo ndani ya nyumba, vinginevyo hakuna kitakachotokea mpaka jua lirudi.

Usikisie kama imeiva. Jaza kopo moja kwa mchanganyiko wako, jingine kwa udongo wa kawaida, panda mbegu 20 za mchicha kwenye kila kopo, mwagilia sawa. Mchicha unaota ndani ya siku chache, hivyo hutangoja sana. Kopo la mchanganyiko likiotesha sawa na lile jingine na miche ikasimama kijani, panda unachotaka. Likiotesha nusu, au miche ikatoka na kunyauka, irudishe kazi kwenye ndoo kwa wiki mbili nyingine.

Kuna kundi la pili la mashine, na hizo kwa haki zinaitwa za mboji. Zinafanya kazi na bakteria hai. Unaanza na kifurushi cha vijidudu kinachokuja na mashine, unaongeza mabaki kila siku, mashine inapasha joto kiasi na kugeuza yenyewe. Hii haizimwi. Umeme ukikatika saa mbili tatu si neno, lakini ukikatika siku nzima, au ukaichomoa kwa sababu unasafiri kwenda kijijini, ndani kunapoa, hewa inakosekana na utarudi kukuta uvundo. Mashine za namna hii hulishwa kidogo kidogo. Anayetupa humo makombo yote ya shughuli ya Idi au Krismasi kwa mkupuo mmoja anaziua bakteria kwa kuzamisha. Wanga mwingi wa wali na ugali unageuka donge linalonata kwenye mapanga, hivyo uchanganye na maganda ya mboga au vumbi kavu la mbao. Maganda ya machungwa na ndimu tia kwa kiasi tu, maana asidi ikizidi bakteria zinasinzia. Kinachotoka humu kimeoza kwa sehemu, kwa hiyo nacho kipitishe kwenye ndoo ya udongo, ila kitaiva mapema zaidi.

Kuhusu kinachofaa kuingia, majiko yetu yana mambo yake ambayo kitabu cha mashine hakiyataji. Machicha ya nazi yanafaa, lakini yana mafuta, hivyo yasizidi konzi moja kwa mara moja. Maganda ya muhogo na viazi ni mazuri yakikatwakatwa. Magunzi ya mahindi, kokwa za embe na parachichi, vifuu vya nazi, makapi ya miwa na mfupa wa ng'ombe visiingie kabisa, kwani vinakwamisha au kuvunja mapanga. Miiba ya samaki na mifupa laini ya kuku mashine nyingi zinaweza, lakini soma kitabu chake kwanza. Mchuzi umwagwe, yabaki makombo yaliyochujwa. Mafuta ya kukaangia hayakauki, yanabaki kwenye unga, yanachacha na kuita mende. Tunda la dukani bandua kibandiko chake. Vifuko vya chai vichane utoe majani, kwa sababu vifuko vingine vina nyuzi za plastiki.

Chumvi ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Maji yakitoka kama mvuke, chumvi inabaki yote, na sasa imejikusanya kwenye unga kidogo. Nyumba inayokula ng'onda, papa mkavu na chipsi mara kwa mara itaona ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia hata kama mboji imeiva vizuri. Samaki wa chumvi usimtie. Makombo yaliyokolezwa chumvi yachanganye na maganda mabichi, ambayo hayana chumvi ya kuongezwa. Ukishaona ncha zimeungua, mwagilia chombo maji mengi mpaka yatiririke chini, uyaache yaishe, urudie mara moja. Ndiyo maana chombo kisicho na tundu chini hakifai kutumiwa na mboji hii.

Unga ambao hujauchanganya bado uweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar ina unyevu mwingi, na unga ulioachwa wazi unaunyonya, unashikana mabonge na kuota ukungu ndani ya kabati.

Sasa kabla hujanunua. Mwenye uwanja hata wa hatua kumi, kwa maoni yangu, mashine hii haihitaji. Shimo lenye majani makavu, au sanduku la minyoo wekundu, litampa mboji iliyokamilika bila uniti hata moja ya umeme. Mashine ni ya mtu wa gorofa ya nne, asiye na pa kuchimba, mwenye jirani anayelalamikia harufu. Huyo naye apige hesabu ya umeme. Mashine ya kukausha hutumia karibu uniti 1 kwa kila mzunguko, nyingine pungufu kidogo, nyingine zaidi. Ukiwasha kila usiku ni kama uniti 30 kwa mwezi. Tanzania nyumba iliyo kwenye tarifa nafuu isiyozidi uniti 75 kwa mwezi inaweza kusukumwa nje ya tarifa hiyo na mashine hii peke yake. Subiri ndoo ijae ndipo uwashe, na kabla ya hapo weka mabaki kwenye friji ili yasianze kunuka.

Ukiletewa zawadi na ndugu kutoka Marekani, angalia kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka. Ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiunguza mara moja, na adapta ya kubadilisha umbo la plagi haisaidii lolote hapo.

Cha mwisho cha kuulizia ni kichujio. Harufu inazuiwa na mkaa maalumu wenye vitundu vidogo mno vya kuinyonya, na huo huchoka baada ya miezi mitatu hadi sita. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo sawasawa. Muombe muuzaji akuoneshe vichujio vya akiba vilivyopo dukani kwake, akutajie na bei yake, kisha ndipo mzungumzie bei ya mashine.