Jinsi ya kuwekeza hela ya uzeeni mwenyewe kwa IRA: hisa kwanza, nyumba na dhahabu baadaye

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, hili swali naulizwa kazini karibu kila wiki: ile hela ya uzeeni iliyo kwenye IRA (akaunti yako binafsi ya akiba ya uzeeni) naweza kununulia nyumba badala ya kuiacha kwenye hisa tu? Unaweza kabisa, sheria inaruhusu, ila ukikosea kidogo serikali inahesabu kwamba akaunti yote umeitoa siku moja, unalipa kodi, na kama hujafika miaka 59 na nusu wanakuongezea faini ya asilimia 10. Kwa hiyo twende polepole.

Kwanza fungua IRA. Iko ya kawaida, unapunguziwa kodi leo halafu unalipa ukija kuitoa, na iko Roth, unalipa kodi leo ila ukizeeka unatoa bila kukatwa, mradi akaunti imetimiza miaka 5. Kama kipato chako ni cha kawaida mimi nakwambia chukua Roth, maana hata hela uliyoweka mwenyewe (siyo faida yake) unaweza kuitoa wakati wowote shida ikikubana. Kiwango cha kuweka mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000 na 2026 ni 7,500, waliofika miaka 50 wanaongezewa kidogo, na lazima iwe hela ya jasho, yaani mshahara au biashara yako.

Hisa ni rahisi. Fungua hiyo IRA kwenye kampuni ya uwekezaji kama Fidelity, Schwab au Vanguard, tuma hela, halafu NUNUA. Nasisitiza kununua kwa sababu nimeona watu wanatuma hela miaka mitatu wanadhani wameshawekeza kumbe imelala tu pale kama keshi, inauma sana ukimwonyesha mtu hilo. Mfuko unaofuata S&P 500 unakupa kipande cha kampuni kubwa kama 500 kwa mara moja, unatosha kuanzia.

Ukiwa na 401(k), yaani akiba ya uzeeni inayopitia kwa mwajiri, ya kazi ya zamani, waambie waihamishe kwenda IRA yako moja kwa moja, kampuni kwa kampuni. Usikubali cheki ya jina lako, watakata asilimia 20 ya kodi hapohapo na wewe una siku 60 za kurudisha yote pamoja na hiyo 20 utoe mfukoni.

Sasa nyumba, viwanja, dhahabu, mikopo kwa watu. Hapo unahitaji kastodiani (mtunzaji wa akaunti) anayekubali vitu hivyo, awe benki au kampuni iliyoidhinishwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Elewa kwamba yeye anatunza tu, hakagui kama biashara ni nzuri au ni ya matapeli, na matapeli wanalijua hilo vizuri, utasikia "imeidhinishwa kwa IRA" wakati hakuna kitu kama hicho. Ada zao pia ni kubwa, kwa akaunti ya dola 10,000 mimi siwezi kukushauri.

Chukua mfano huu. IRA yako imenunua nyumba ya kupangisha, usiku bomba la jikoni linapasuka, mpangaji anapiga simu maji yamefika sebuleni. Wewe una spana kwenye gari na unajua kazi. Usiguse! Kazi ya mikono yako ni msaada kwa akaunti na hairuhusiwi, na fundi naye usimlipe kwa kadi yako, bili inaandikwa kwa jina la IRA na kastodiani ndiye anayelipa, kwa hela iliyomo humo humo. Ndiyo maana usinunue nyumba ukamaliza keshi yote, baki na akiba ya matengenezo. Na ukikopa benki kuongezea, sehemu ya faida iliyotokana na mkopo inatozwa kodi hata kama iko ndani ya IRA.

Kuna hili linalotugusa sisi hasa: kununua nyumba Kigamboni au Kitengela kwa hela ya IRA ili mama akae. Hapana, hata akilipa pango kila mwezi. Wewe, mume au mke, wazazi, babu na bibi, watoto, wajukuu na wenzi wao, wote wamekatazwa kuitumia mali hiyo. Nyumba ya mama jenga kwa hela nyingine.

Dhahabu nayo iwe na usafi wa asilimia 99.5 kwenda juu, sarafu chache tu ndizo zina ruhusa maalumu, na ikae kwa mtunzaji. Mwaka 2021 mahakama ya kodi ilikataa utetezi wa mama mmoja aliyeweka sarafu za IRA yake nyumbani, ikasema hela hiyo ameshaichukua. Michoro, vito na mvinyo wa kukusanya havifai kabisa.

Kabla hujasaini, mpigie kastodiani umuulize ada ya mwaka mzima ni ngapi, bili ya dharura analipa ndani ya siku ngapi, na kila mwaka thamani ya nyumba anataka ithibitishwe na nani. Majibu mwambie akutumie kwa imeili.