SOMO: Kuchimba kripto kwa seva ya kukodi, piga hesabu kabla ya kutoa kadi

Wakuu, swali hili linarudi kila wiki: "Nikikodi seva huko nje, nikaiacha ichimbe usiku na mchana, kuna faida?" Hakuna. Ila msiniamini kwa mdomo tu. Njia ya kuhakikisha ni hii, na mkiulizwa tena, rudini msome hapa.

Hatua ya 1. Chagua sarafu. Kuchimba ni kuipa kompyuta hesabu za kuthibitisha miamala, nayo inalipwa kwa sarafu hiyo. Bitcoin sahau, ni kazi ya mashine za ASIC, zilizotengenezwa kwa kuchimba tu. Ethereum haichimbwi tangu Septemba 2022. Kwa prosesa ya kawaida imebaki Monero, ambayo tangu Novemba 2019 inatumia RandomX, algorithimu iliyotengenezwa ili prosesa isizidiwe na ASIC.

Hatua ya 2. Soma masharti ya mtoa huduma. Hetzner hawataki uchimbaji kabisa, Microsoft wanataka kibali cha maandishi kwanza, na majaribio ya bure ya Google Cloud hayaruhusu. Ukikamatwa, seva inafungwa na data yako imo ndani.

Hatua ya 3. Kodi kwa saa, si kwa mwezi. Weka mfumo wa Ubuntu, kisha XMRig, programu ya kuchimba Monero.

Hatua ya 4. Pima kasi. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, someni taratibu. RandomX inataka kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 2 kwa kila uzi (thread) wa prosesa, na zaidi ya GB 2 za RAM kwa ajili ya data yake. Seva ya RAM GB 1 itaangukia hali nyepesi na kasi itakuwa aibu. Pili, "vCPU" moja mara nyingi ni uzi mmoja tu, yaani nusu ya kiini, na kashe mnagawana na wapangaji wengine msiowajua. Fungua `top`, amri ya kuonyesha matumizi ya prosesa, utazame namba ya `st`: ikipanda, jirani anakula muda wa prosesa uliolipia wewe. Washa kurasa kubwa za kumbukumbu (`sysctl -w vm.nr_hugepages=1280`), la sivyo utapima kasi pungufu. Halafu usitazame sekunde 10 za mwanzo. XMRig inaonyesha wastani wa 10s, 60s na 15m (sekunde 10, sekunde 60 na dakika 15). Andika ule wa 15m, tena baada ya saa kadhaa.

ANGALIZO: seva za bei chee zenye "mikopo ya CPU" (akiba ya muda wa kutumia prosesa kwa nguvu zote) ni mtego. Mfano t3.medium ya AWS, huduma ya seva ya Amazon: ina vCPU 2, lakini bei yake inahesabia matumizi ya asilimia 20 tu kwa kila moja. Ukiikamua asilimia 100, na kwa kawaida inakuja ikiwa kwenye hali isiyo na kikomo, ziada inatozwa dola 0.05 kwa kila vCPU kwa saa. Yaani 2 × 0.8 × 0.05 = dola 0.08 kwa saa, dola 57.60 kwa siku 30, juu ya bei ya seva yenyewe. Kasi haishuki, kwa hiyo hutajua mpaka bili ifike. Kwenye hali yenye kikomo ni kinyume chake: mikopo ikiisha, kasi inaporomoka.

Hatua ya 5. Hesabu. Monero (kifupi XMR) hutoa bloku moja, yaani fungu la miamala, kila dakika 2 kwa wastani, kila bloku inalipa 0.6 XMR. Hiyo ni bloku 720, XMR 432 kwa siku, kwa dunia nzima. Fungu lako ni kasi yako ÷ kasi ya mtandao × 432. Tuseme mtandao uko 5 GH/s (majaribio ya hesabu bilioni 5 kwa sekunde) na seva yako ya vCPU 4 inatoa 2,000 H/s (majaribio 2,000 kwa sekunde): unapata XMR 0.00017 kwa siku, 0.0052 kwa mwezi. XMR ikiwa dola 300, hiyo ni dola 1.56. Seva umelipia dola 24. Na hapo bado makato ya puli (kundi la wachimbaji wanaogawana mapato), na asilimia 1 ya XMRig.

MASWALI

Tajiri_Mtarajiwa: Mkuu sasa kwa mwezi naingiza ngapi?
— Hatua ya 5.

Tajiri_Mtarajiwa: Nimeona. Nikikodi seva 50 je?
— Hasara mara 50.

Kobe Mwendo: Unakatisha watu tamaa tu, kuna jamaa wanalipwa kila siku.
— Leta kasi ya 15m na bili ya seva, tuone pamoja. Picha ya salio haitoshi.

Binti Saidi: Na kama nachimba leo nikaweka, nisubiri bei ipande? Hasara ya leo si inaweza kugeuka faida?
— Swali zuri dada. Chukua zile dola 24. Ukinunua XMR moja kwa moja kwa dola 300, unapata 0.08. Ukikodi seva unapata 0.0052. Bei ikipanda mara kumi, aliyenunua bado anakuzidi mara 15. Tena bei ikipanda wachimbaji wanaongezeka, ugumu unapanda, fungu lako linapungua. Kitu kingine: puli ikiwa na kima cha chini cha malipo cha 0.1 XMR, utasubiri zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuiona hela.

Binti Saidi: Asante. Nani basi anapata faida?
— Mwenye umeme usio na mnunuzi. Hifadhi ya Virunga kule Kongo ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji, pale Luviro. Mwenye seva ameshajumlisha kwenye bei yako umeme, mashine na faida yake kabla hujawasha.

Fundi Juma: Vipi zile app za kununua "mkataba wa kuchimba", huoni seva wala nini?
— Hiyo si seva, ni ahadi. HashFlare ya Estonia iliuza mikataba ya namna hiyo bila kuwa na mashine ilizodai; waanzilishi wake wawili walikiri kosa mahakamani Marekani mwaka 2025.

Mzee wa Terminal: Nje ya mada kidogo. VPS (seva ya kukodi) yangu ya tovuti iko CPU 100%, sijaweka mchimbaji wowote.
— Huenda wadukuzi wanachimba kwa seva yako. Tafuta `kdevtmpfsi`, programu ya wachimbaji wa siri, kwenye `top`. Ukiiua peke yake inarudi: ua na `kinsing` inayoirudisha, kisha pitia `crontab -l` (ratiba ya kazi) ya kila mtumiaji, hasa wa huduma zako, na usafishe /tmp na /var/tmp. Halafu angalia mlango walioingilia: Redis (hifadhidata) iliyo wazi kwenye porti 6379 bila nywila, au Docker kwenye 2375. Ukiweza, jenga seva upya.

Mzee wa Terminal: Ni Redis. Ilikuwa wazi kwa 0.0.0.0.
— Weka `bind 127.0.0.1` na `requirepass`, na uzibe porti 6379 kwenye fayawali. Badilisha na funguo zote za SSH zilizokuwa humo.