Somo la upinde: kuandaa shindano la wanyama bandia shambani, Tanga

Shindano letu la kwanza lilikwisha vizuri, watu wakala, wakapiga soga, wakaenda zao. Jioni nilirudi peke yangu kung'oa vigingi. Hatua kama 60 nyuma ya nguruwe bandia wa kituo cha saba nikakuta mshale umesimama wima katikati ya kijia cha kina mama wanaokwenda kuteka maji. Saa ule ulipotua hakuna aliyekuwa akipita, basi. Sikumwambia mtu kwa wiki nzima.

Tangu siku hiyo nikipanga shindano sianzi na shabaha. Naanza na mshale utakaokosa. Kila mshale unaokosa uwe na mahali pa kufia. Ukishalipata hilo, yaliyobaki ni chai na maandazi.

Kwa nini wanyama bandia na si ile duara ya rangi? Kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye hadithi za wawindaji, za Kizigua, za Kibondei, za Kidigo, na mkono unawasha. Lakini kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na klabu yetu haina mjadala juu ya hilo. Mnyama bandia anakupa kile kinachonogesha uwindaji, yaani kutembea, kunyamaza na kukisia umbali, bila kumtoa mtu damu wala kumpeleka mahakamani. Huko Marekani mchezo huu ulikuzwa na wawindaji wenyewe waliotaka kujinoa kabla ya msimu.

(Na hapa huwa nacheka. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa upinde. Pope alikuwa daktari, na upinde alifundishwa na Ishi, mtu wa kabila la Yahi la California, aliyefariki mwaka 1916. Mtu kavuka bahari aje kutuonyesha upinde sisi, na leo sisi ndio tunaagiza pinde kwao!)

Hatua ya 1: Ardhi

Sisi tunatumia shamba la mkonge lililoachwa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mkonge una uzuri wake: mistari imenyooka, mtu akija unamwona tangu mbali. Ubaya wake ni miba. Ipo usawa wa macho ya mtu aliyeinama kutafuta mshale, kwa hiyo tunakata ncha za majani kwa panga kuzunguka kila kituo na nyuma ya kila mnyama.

Litembee shamba siku mbili tofauti, moja ya kazi na moja ya Jumapili, maana njia za watu hazifanani siku hizo. Muulize mchunga mbuzi. Ramani yoyote uliyonayo haimfikii yeye kwa vijia.

Kisha tafuta tuta. Kichuguu kikubwa, ukingo wa korongo, mteremko, chochote cha udongo kinachoinuka nyuma ya mnyama. Pakiwa tambarare, mpigaji asimame juu na mnyama awe chini, mshale ushukie ardhini. Ukikosa yote mawili, acha kituo hicho, hata kama mahali penyewe panapendeza kwa picha. Na tafadhali, kichaka si tuta. Majani hayasimamishi mshale, yanauficha tu.

Mtaarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, na kituo cha polisi. Watu 30 wenye pinde porini ni habari mbaya kwa asiyeambiwa.

Tarehe: kwepa masika. Miezi ya kusi upepo hukaza mchana, kwa hiyo tunaanza saa 1 asubuhi na kumaliza kabla ya adhuhuri. Si Ijumaa.

Hatua ya 2: Kutengeneza wanyama

Wanyama wa dukani hutoka nje na bei yake inatisha. Wetu tunawatoa ufukweni. Bahari inatutupia ndara kila siku, na sifongo ya ndara inashika mshale vizuri kuliko godoro.

Okota, osha chumvi na mchanga (mchanga unakwaruza mishale), ng'oa kamba. Kata vipande vya ukubwa mmoja, vipange kama vitabu kwenye rafu, kingo zikimtazama mpigaji. Bana kwa mbao mbili, moja juu na moja chini, kwa vyuma virefu vya nati. Mshale unaingia kati ya tabaka na msuguano unausimamisha. Bunda likianza kulegea, kaza nati. Hakikisha mbao na vyuma viko nje kabisa ya sehemu ya kulengwa.

Bunda hilo ndilo kifua. Mwili unaobaki ni gunia lililoshonwa kwa umbo la mnyama na kushindiliwa nyuzi fupi za katani, zile zinazobaki chini. Shindilia mpaka gunia likigongwa litoe sauti ya mlango. Usiweke mifupa ya fito ndani wala miguu ya mti, mshale ukigonga fito unavunjika. Mlaze juu ya tuta la udongo au mning'inize kwa kamba.

Kabla ya shindano, jaribu kila mnyama kwa upinde mzito kuliko wote mlionao, kutoka umbali mfupi kuliko wote. Mshale ukitokeza nyuma, ongeza unene. Swala wetu wa kwanza alitobolewa kama chujio asubuhi moja kwa sababu tulimjaribu kwa upinde wa mtoto.

Hatua ya 3: Vituo na umbali

Kwenye mashindano ya World Archery, shirikisho la upinde la dunia, wanyama ni 24, na hakuna anayeambiwa umbali. Mpigaji husimama kwenye kigingi: chekundu, cha pinde za kampaundi (zenye magurudumu), hakizidi mita 45 toka kwa mnyama. Cha bluu hakizidi mita 30. Sisi tunaweka wanyama 12, mishale 2 kwa kila mmoja, na hatuvuki mita 25. Wageni wananung'unika kwamba ni karibu. Wanaacha kunung'unika kituo cha tatu.

Tazama hesabu hii. Mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde, ukilenga kana kwamba mnyama yuko mita 20 kumbe yuko mita 25, utapiga chini ya ulipolenga kwa karibu sentimita 25. Ulilenga moyo, umepita chini ya tumbo. Mita tano za kukisia vibaya, basi, na mkono wako haukuwa na kosa lolote.

Macho nayo yanadanganya. Mnyama aliye kwenye jua, ng'ambo ya bonde, huonekana yuko karibu kuliko alivyo. Aliye kivulini, mwisho wa njia nyembamba ya miti, huonekana mbali. Mpangaji mwenye roho mbaya huvichanganya. Mimi ni mmoja wao.

Mzunguko uende upande mmoja tu, kituo kisipige kuelekea njia ya kituo kingine, na kundi linalosubiri likae nyuma ya mpigaji, si pembeni. Watu watatu hadi wanne kwa kundi wanatosha.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa asubuhi

Ugwe (kamba ya upinde) uliochakaa, upinde wenye ufa, mshale uliopasuka: haviingii. Mshale wa kaboni ukunje kidogo karibu na sikio. Ukisikia unalia, uvunje mwenyewe mbele ya mwenye nao, asije akaurudisha podoni kwa huruma. Chembe, yaani ncha za mshale, ziwe za mazoezi tu. Chembe za makali za kuwindia zinabaki kwa karani mpaka jioni.

Mshale unapachikwa kwenye ugwe ukiwa kigingini tu. Usivute upinde ukielekea juu. Usifyatue upinde mtupu hata kwa mzaha, maana nguvu ambayo mshale ungeibeba inarudi kwenye mti wenyewe na kuupasua.

Tunapasha misuli kwenye mstari mmoja, kwa filimbi: mbili, sogea mstarini, moja, piga, tatu, nenda kachukue mishale. Tano au zaidi, simama hapo hapo, shusha upinde.

Hatua ya 5: Alama

Duara dogo ndani ya moyo 11, moyo 10, kifua 8, mwili 5. Pembe au kwato bila kugusa mwili, sifuri. Mshale ukigusa mstari unapewa alama ya juu. Asiguse mtu mshale wala mnyama kabla alama hazijaandikwa, na waandike wawili, kila mmoja karatasi yake. Kwa wanyama 12 alama za juu kabisa ni 264. Hajazifikia mtu.

Kuchomoa mshale: kiganja kimoja kwenye mnyama, kingine kwenye mshale, karibu na unapoingilia, na asisimame mtu nyuma yako. Mkia wa mshale unatoka kwa ghafla na uko usawa wa jicho.

Hatua ya 6: Kuhesabu mishale

Kila mshale una rangi na namba ya mwenyewe. Asubuhi karani anaandika umetoka na mingapi. Mwisho anaandika umerudi na mingapi. Tofauti ikiwepo, wote tunarudi shambani kwa mstari, bega kwa bega, kabla sufuria halijafunuliwa. Njaa inatafuta vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua.

Kati ya mashindano

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni ya ndara ufukweni, watoto karibuni. Jioni moja ni ya kubandika manyoya ya mishale. Manyoya ya bata mzinga yanafaa, ila yote matatu yatoke bawa la upande mmoja, la kulia au la kushoto, usichanganye. Na kila mvua zikikatika tunatembea na wazee kusoma nyayo kwenye tope, bila upinde hata mmoja. Matembezi hayo ndiyo yanayojaza watu kuliko shindano lenyewe, sijui kwa nini nilichelewa kuyaanzisha.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 11, anafaa upinde wa ratili ngapi? (Sahare)

Marahaba, mama. Ratili 10 hadi 15, zile vijana wanaziita paundi. Mwambie avute, ashikilie, uhesabu mpaka tano. Bega likitetemeka, punguza. Tazama pia jicho lake lenye nguvu: anyooshe mikono, aache tundu dogo kati ya viganja, akutazame puani kupitia tundu hilo. Jicho utakaloliona ndilo la kulengea, hata kama mkono anaoandikia ni wa upande mwingine.

Mwalimu, nina upinde wa babu, ulitundikwa ukutani zaidi ya miaka 20. Nije nao? (Muheza)

Njoo nao tuutazame, lakini usiuvute kabla hatujaonana. Mti uliokauka namna hiyo unaweza kukuvunjikia usoni. Tukiona nyufa, unarudi ukutani kwa heshima zote. Ukiwa mzima tutauamsha taratibu, siku kadhaa, kila siku tukivuta zaidi kidogo. Na ukimaliza kupiga, vua ugwe; usiulaze umekunjwa.

Mtandio wangu unanaswa na ugwe kila nikiachia, mpaka naona aibu. (Ngamiani)

Dada, aibu iko wapi? Hata ndevu zangu zimenaswa. Chomekea ncha ndani ya nguo, pini zote zihamie upande usiopita ugwe, kisha vaa kinga ya kifua juu yake. Wenzio wanatumia kitambaa cha kunyumbuka kinachobana, bila pini kabisa. Waulize Jumamosi, mie nimefikisha tu.

Kwa nini mnakataza kipima umbali cha leza? Mimi nimenunua kwa pesa yangu. (Chumbageni)

Kitumie mazoezini, tena nakusihi ukitumie: kisia kwanza, sema kwa sauti, halafu pima. Siku ya shindano kibaki nyumbani. Kukisia ndiyo nusu ya mchezo.

Natokea Pangani. Naweza kwanza kushuka Saadani kujaribu upinde? (Pangani)

Hapana, mwanangu. Ile ni hifadhi ya taifa, na kuingia na silaha bila kibali ni kosa, hata kama unalenga kisiki.

Vidole vinaniuma mpaka siku ya tatu. (Pongwe)

Kata kipande cha ngozi laini ya kiatu kikuukuu, kifunike vidole vitatu vinavyovuta. Vikiuma bado, upinde ni mzito kwako. Azima mwepesi kwa karani.

Mwalimu, hukusema zawadi ni nini. (Kange)

Ni mbuzi. Lakini analiwa na wote siku ile ile, mshindi anachagua tu yeye aanze na kipande gani. Safari iliyopita mshindi alichagua ini, na mzee mmoja aliyekuwa akilisubiri tangu alfajiri hakusema naye mpaka tulipopanda daladala. Njoo na sahani yako, tulizonazo hazitoshi.