Namna ya Kuyaweka Mafaili ya Mipangilio Binafsi Nje ya Git

Karibu kila mradi unaotunzwa kwa Git, programu inayohifadhi historia ya mabadiliko ya mafaili, una faili ambalo halipaswi kutoka kwenye kompyuta ya mwenyewe: `.env` lenye nywila ya hifadhidata, au `config.local.php` lenye anwani ya seva ya majaribio.

Hatua ya 1. Fungua faili la `.gitignore`, yaani orodha ya mafaili ambayo Git itayapuuza, kwenye folda kuu ya mradi, au liunde kama halipo, kisha andika kila jina kwenye mstari wake:

```
/.env
/config.local.php
```

Alama ya mkwaju iliyotangulia inamaanisha faili la folda kuu peke yake. Ukiiondoa, kila faili lenye jina hilo litapuuzwa, hata lililo ndani ya folda nyingine. Faili la `.gitignore` lenyewe liingize kwenye mradi, ili wenzako wafuate kanuni ileile. Yale yanayokuhusu wewe tu, kama madokezo yako, yaandike kwenye `.git/info/exclude`, ambalo haliwafikii wengine.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa `.gitignore` haligusi kabisa faili ambalo Git imekwisha kuanza kulifuatilia. Ikiwa `.env` liliwahi kuingizwa kwenye historia ya mradi (commit), liondoe kwenye ufuatiliaji huku ukiliacha kwenye diski:

```
git rm --cached .env
git commit -m "Acha kufuatilia .env"
```

Waarifu wenzako kabla ya kupeleka mabadiliko hayo kwenye seva. Watakapoyavuta (pull), Git italifuta `.env` kwenye kompyuta zao, na aliyekuwa amelibadilisha atakataliwa kuunganisha (merge) mabadiliko hayo. Kwa hiyo kila mmoja atunze nakala kwanza.

Ondoleo hilo halisafishi historia, kwani yeyote mwenye nakala ya mradi bado anaweza kuisoma nywila kwenye matoleo ya nyuma. Ninasisitiza: badilisha nywila kwanza, siku hiyohiyo. Kuisafisha historia kwa zana ya `git filter-repo` ni kazi inayoweza kufuata, lakini haiwezi kuzifikia nakala ambazo watu wameshazichukua.

Hatua ya 3. Anayejiunga na mradi hatajua mipangilio inayohitajika, hivyo mwekee kielelezo kisicho na siri, `.env.example`, ambacho Git itakifuatilia:

```
DB_HOST=localhost
DB_PASSWORD=
```

Yeye atakinakili kwa `cp .env.example .env` na kujaza thamani zake. Kila unapoongeza kigezo kipya kwenye `.env`, kiongeze humu pia katika badiliko hilohilo.

Hatua ya 4. Hakiki:

```
git check-ignore -v .env
```

Jibu sahihi huonyesha faili la kanuni, namba ya mstari na kanuni yenyewe, kwa mfano `.gitignore:1:/.env`, kisha jina la faili. Amri isipotoa chochote, ama kanuni hailingani na jina la faili, ama faili bado linafuatiliwa na inakubidi urudie hatua ya 2.