Kiwanja cha Watoto cha Mtaa: Tengenezeni Njia na Ardhi Kabla ya Kununua Bembea

Kamati nyingi za mitaa ya Dar es Salaam, zikipata fedha za kuboresha eneo la wazi, huanza kwa kununua bembea. Ninawasihi wanakamati waiache bembea kwa miezi michache ya mwanzo, kwa sababu mtoto anayekatiza barabara iliyojaa bodaboda ili aifikie bembea mpya ametiwa katika hatari kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo alipocheza mdako kibarazani kwao. Kinachomlinda zaidi ni njia anayopita na ardhi anayoangukia, na hivyo ndivyo vya kutengenezwa kwanza.

Hata kabla ya hapo, hakikisheni eneo lenyewe ni la umma. Mwenyekiti na afisa mtendaji wa mtaa waende kwa afisa mipango miji wa halmashauri, waoneshwe mchoro wa mipango miji unaolitambua eneo hilo kuwa la wazi, kisha nakala yake ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa mahali ambapo kila mkazi ataiona. Viwanja vya watoto huliwa polepole: leo gereji, kesho maegesho ya magari, keshokutwa ukuta. Mwaka 1989 mwanamazingira wa Kenya, Wangari Maathai, aliposimama kupinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, nguvu ya hoja yake ilikuwa kwamba ile ni bustani ya watu wote, na jengo hilo halikujengwa.

Kuhusu njia, tembeeni na watoto wenyewe kutoka nyumbani na kutoka shuleni hadi kiwanjani, saa zile wanazokwenda kucheza, huku mkiandika kila mahali wanapovuka, kila mtaro usio na kifuniko na kila kona ambayo dereva hawezi kumwona mtoto. Orodha hiyo ipelekwe kwa barua TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kupitia kwa diwani, ikiomba matuta, alama na njia ya waenda kwa miguu. Amend, shirika la usalama barabarani, limefanya kazi ya namna hii kuzunguka shule za Dar es Salaam, na mojawapo ya hatua zake haina gharama kubwa: kulihamisha lango kutoka upande wa barabara kuu kwenda upande wa kichochoro tulivu. Lango la kiwanja nalo lihamishwe vivyo hivyo.

Ardhi ndiyo inayotaka subira. Ondoeni vigae vya chupa, misumari na mawe kwa mikono na reki, si kwa kufagia juu juu, kwa kuwa mvua ya masika hufukua kilichofukiwa. Chini ya kila chombo ambacho mtoto anaweza kuanguka kutoka juu yake, chimbeni na mjaze mchanga safi usiochanganyika na udongo, wenye kina cha sentimita 30, na eneo hilo la mchanga lifike angalau mita 1.8 kila upande wa chombo. Bembea huhitaji nafasi kubwa zaidi: pimeni kimo cha bomba la juu linaloshika minyororo, kisha mbele na nyuma muache nafasi mara mbili ya kimo hicho. Bomba likiwa juu kwa mita 2.4, basi mita 4.8 mbele na mita 4.8 nyuma zisiwe na mti, benchi wala ukuta. Zege linaloshikilia nguzo lizikwe chini ya mchanga, kwani nimeona viwanja ambavyo limeachwa wazi likiwa na ncha kali palepale goti la mtoto linapotua.

Fundi wa kuchomelea apewe vipimo kabla hajakata chuma. Uwazi wowote kati ya vyuma usiwe na upana wa kati ya sentimita 9 na 23, kwa maana mwili wa mtoto mdogo hupita hapo kwa miguu kwanza na kichwa kikanasa. Boliti zikatwe zisichomoze, na kiti cha bembea kiwe cha mpira badala ya ubao au chuma, ili kikimgonga mtoto anayepita kisimpasue. Matairi chakavu yanafaa sana kwa kupandia na kurukia, mradi nyaya zake hazijatokeza na yametobolewa chini ili maji yasituame, kwa sababu mbu wanaoeneza dengi huzaliana humo, na Dar es Salaam iliuona mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Sehemu ya kutelezea ya bati huunguza ngozi saa za mchana, kwa hiyo iwe kivulini. Pandeni mikungu na miarobaini mwanzoni mwa masika na kuizungushia matenga, kisha wapangwe watu wa kuimwagilia kiangazi. Ua wa minyaa ung'olewe, kwa kuwa utomvu wake ukiingia jichoni huweza kumpofusha mtoto.

Kiwanja salama bado chaweza kuwa na watoto waliokaa tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazompandisha pumzi, na mara nyingi wavulana wakubwa wanaocheza chandimu huzipata huku wasichana na wadogo wakisukumwa pembezoni. Waulizeni wasichana peke yao, mbali na kaka zao, kisha mtenge kwa mstari wa miti mifupi eneo la rede, kamba na kombolela ambalo mpira wa miguu hauingii. Watoto wa chini ya miaka mitano nao wawe na kona yao karibu na mabenchi ya wazazi. Mchanga huzuia kiti cha magurudumu. Kwa hiyo njia ngumu isiyo na ngazi ifike hadi kwenye mchezo mmoja au zaidi.

Choo kinachofungwa kwa ndani, maji ya bomba na taa ya saa ya magharibi viombewe fedha pamoja, si kimoja kimoja.

Mwisho, mkutano wa mtaa umteue mtu mwenye posho, hata ndogo, wa kukikagua kiwanja. Kila wiki achakure mchanga ulioshindiliwa, aondoe kinyesi cha paka na mbwa, atikise nguzo na kutazama pete za minyororo zilizolika, na kuyaandika yote katika daftari linalosomwa mkutanoni pamoja na hesabu za fedha. Bembea iliyokatika mnyororo mmoja ishushwe siku hiyohiyo. Isifungwe kwa kamba kusubiri fundi, kwa sababu watoto wataipanda tu.